Vizingo vya Mto: Kwa Nini Mto Tana Hubadili Njia Yake

Watu wakaao kando ya mito mikubwa ya nchi tambarare wamepata kuona jambo ambalo mgeni hulistaajabia. Shamba la migomba lililokuwa mbali na maji siku za babu leo limo ukingoni, na nusu yake imekwisha kuanguka mtoni. Ng'ambo ya pili, palipokuwa na maji marefu ya kuogopwa kwa sababu ya mamba, leo ni mchanga mkavu uotao matete. Mto haukukauka wala haukuongezeka, umehama tu. Wazee husema kwamba mto unatembea, na maneno yao ni kweli kabisa. Katika habari hii twataka kueleza mto hutembea kwa njia gani na kwa upesi gani, na kwa nini mtu atakaye kujenga, kulima, au kuweka mashine ya kuvuta maji ukingoni yampasa kulijua jambo hilo kabla ya kutoa fedha yake.

Mfano wetu utakuwa Mto Tana, ambao ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya. Hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na baada ya safari ya maili 600 hivi, yaani karibu kilomita 1,000, huingia Bahari ya Hindi penye Kipini. Huko juu mto una haraka. Nchi ina mteremko, maji hupita kati ya mawe na magenge, wala hayana nafasi ya kupinda yapendavyo. Lakini ukishapita Garissa nchi ni tambarare, na udongo wake ni laini, uliowekwa na mto wenyewe katika mafuriko ya maelfu ya miaka. Hakuna tena mto mwingine wa kudumu uingiao humo, ila malaga yajaayo wakati wa mvua na kukauka. Hapo ndipo Tana huanza kupinda: kushoto, kulia, kushoto tena, hata msafiri wa mtumbwi huliona jua usoni pake, na baada ya muda kidogo liko kisogoni, ingawa yeye hakugeuka.

Mpindo mmoja wa namna hii tutauita kizingo, na ikiwa mingi, vizingo. Ni neno letu la zamani na latosha, hatuna haja ya kuazima. Watu wa Ulaya wao waliazima: jina watumialo kwa vizingo lilitokana na mto mmoja wa Uturuki, ambao Wayunani wa kale waliuita Maiandros na ambao siku hizi huitwa Büyük Menderes. Mto huo ulikuwa mashuhuri kwa kupindapinda, hata jina lake likawa jina la mipindo yote ya mito duniani.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Yeyote aweza kuiona nyumbani mwake. Mimina chai isiyochujwa katika kikombe cheupe, chai ambayo majani yake yamezama chini. Ikoroge kwa kijiko kwa mzunguko, kisha utoe kijiko na kutazama. Mtu angedhani kwamba majani yatatupwa pembeni, kama vile abiria wa basi wanavyosukumwa ubavuni dereva akatapo kona kwa mbio. Lakini sivyo. Majani hukusanyika katikati ya kikombe, chini. Albert Einstein, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya maumbile, aliona kwamba jambo hili dogo lafaa kuandikiwa, na mwaka 1926 akatoa maandishi akilieleza pamoja na habari ya vizingo vya mito. Kabla yake, mwaka 1876, James Thomson, mhandisi aliyezaliwa Ireland, alikuwa amekwisha kutoa maelezo ya namna hiyo hiyo kuhusu mito.

Maelezo yenyewe ni haya. Chai izungukapo husukumwa kwenda pembeni, na kwa hiyo juu yake haiwi sawasawa: pembeni hupanda kidogo, katikati hushuka. Chai iliyo juu huenda mbio, lakini iliyo chini kabisa husuguana na kikombe, ikapunguza mwendo. Ile iendayo polepole haina nguvu ya kushindana na uzito wa chai iliyorundikana pembeni, basi hurudishwa nyuma, kuelekea katikati, nayo hupita chini. Hivyo chai ya juu yatoka katikati kwenda pembeni, hushuka ubavuni, kisha hurudi katikati kwa chini ikichukua majani pamoja nayo.

Kizingo cha mto ni kama upande mmoja wa kikombe hicho. Maji ya juu husukumwa kwenye ukingo wa nje wa mpindo, hupanda hapo kidogo, hushuka kwa nguvu kando ya ukingo na kuuchimba, kisha hurudi kwa chini kuelekea ukingo wa ndani. Na kwa kuwa wakati huo huo mto wote unaendelea na safari yake, mwendo wa maji huwa wa kujisokota, kama nyuzi za kamba mkononi mwa msokotaji. Maji ya chini ndiyo yachukuayo mchanga. Yafikapo upande wa ndani, mahali ambapo mto hauna kina wala mbio, hayawezi tena kuubeba, basi huuacha. Ndiyo sababu ng'ambo ya nje ni genge lililosimama wima na maji marefu chini yake, na ng'ambo ya ndani ni ulimi wa mchanga ulalao na kuingia majini taratibu. Mvuvi na mwenye mtumbwi huijua habari hii bila kusomeshwa, kwani mmoja hutafuta kina na mwenzake hutafuta mahali pa kupanda pwani.

Watu wengi hudhani kwamba mchanga ulioko katika ulimi ulikatwa katika genge linaloutazama, yaani kwamba mto hula huku na kulipa pale pale mkabala. Mwaka 1945 ilitolewa taarifa ya majaribio yaliyofanywa na Friedkin, mhandisi wa Marekani, katika kituo cha serikali cha uchunguzi wa maji huko Vicksburg. Alitengeneza mito midogo ya mchanga ndani ya vyumba na nje, akaifungulia maji, akaona ikijipinda yenyewe mbele ya macho yake. Iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya udongo unaokatwa katika ukingo wa nje haivuki mto. Hushuka na maji kwa upande ule ule, mpaka kwenye ulimi wa kizingo kinachofuata. Basi anayenyang'anywa shamba hawezi kumlaumu jirani wa ng'ambo. Udongo wake amepewa mtu wa upande wake mwenyewe, akaaye chini kidogo.

Majaribio hayo yalionyesha pia jinsi kizingo kinavyoanza. Mto ulionyoka ni kitu kisichodumu katika nchi ya udongo laini. Mti ukianguka majini, au sehemu ya ukingo ikiporomoka, maji husukumwa kidogo kwenda ng'ambo; huko huchimba, kisha hurudishwa kwenda upande wa kwanza, nako huchimba, na kila mpindo huzaa mwenzake ulio chini yake. Tena ukubwa wa vizingo una kipimo. Ukipima kutoka kizingo kimoja hadi kingine cha upande ule ule, mara nyingi utapata umbali ulio mara 10 hadi 14 ya upana wa mto. Kanuni hii yafuatwa na mto mkubwa na mdogo, na ndiyo maana mfereji mdogo wa maji ya mvua katika uwanja wa shule, ukitazamwa kwa karibu, hufanana sana na picha ya Tana iliyopigwa kutoka ndani ya ndege.

Ama upesi wa kuhama, hauko sawa kila mahali. Wataalamu wameona kwamba kizingo hula ukingo wake upesi zaidi kinapokuwa kimepinda kiasi: yaani kama tungekichora kwa bikari, nafasi kati ya sindano na penseli ingekuwa mara 2 au 3 ya upana wa mto. Kizingo kilicholegea sana hakina nguvu, na kilichokazwa mno hujizuia chenyewe. Udongo nao una neno lake. Mchanga mtupu hukatika upesi, udongo wa mfinyanzi hushindana. Na zaidi ya yote kuna mizizi. Mwaka 2009 wachunguzi wa chuo kikuu cha California, Marekani, walitaka kutengeneza mto mdogo wenye vizingo vya kudumu. Katika mchanga mtupu mto wa namna hiyo hupanuka na kugawanyika vijito vingi, vizingo vikapotea. Wao walipanda miche ya lusini, majani yale wanayolishwa ng'ombe, na mizizi yake midogo ilitosha kushika kingo hata mto ukawa na mkondo mmoja, ukapinda na kuhama bila kutawanyika. Ikiwa mizizi ya lusini yafanya kazi hiyo katika mto mdogo, na tufikiri mizizi ya mkuyu yafanya nini ukingoni mwa Tana, na nini hutokea mikuyu yote ikikatwa ili kupata nafasi ya mahindi. Kadhalika njia za kunyweshea ng'ombe, ziitwazo malka, ni haki ya zamani ya wafugaji na haziwezi kuondolewa, lakini yafaa ziwe upande wa ulimi wa mchanga. Kwato za ng'ombe mia mbili juu ya genge ni sawa na majembe.

Yafaa hapa kusema neno juu ya wakati wa hatari. Mtu aonapo mto umejaa mpaka juu hukaa macho usiku kucha. Maji yakianza kushuka hushukuru na kwenda kulala. Lakini ukingo mara nyingi huanguka wakati ule ule wa kushuka. Mto ukijaa, udongo wa ukingo hunywa maji na kuwa mzito, lakini maji ya mtoni huuegemea na kuushikilia. Maji yakipungua kwa ghafula, ukingo hubaki mzito bila kitu cha kuuegemeza, na chini yake umekwisha kuchimbwa. Dalili yake ni ufa mrefu katika nchi, uendao sambamba na mto, hatua chache kutoka ukingoni, au miti iliyoinama kuelekea majini. Aonaye ufa huo aondoe vitu vyake upande wa mtoni siku hiyo hiyo.

Upande wa ndani wa kizingo nao una habari zake, nazo ni za heri. Juu ya ulimi mpya wa mchanga huota majani kwanza, kisha vichaka, kisha miti. Uko mti mmoja wa jamii ya mpopula uotao kando ya Tana, ambao watu huchonga mitumbwi kwa shina lake. Mti huo huhitaji mchanga mpya uliowekwa na mto ili mbegu zake zishike. Mto usipohama, hauna mahali pa kuzaliwa. Msitu wote wa kandokando ya Tana wategemea maji yanayopenya ardhini kutoka mtoni, na mto ukienda mbali msitu wa zamani hufa polepole, na mpya huota uliko mto. Katika msitu huo wakaa mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, wanyama wasiopatikana penginepo ulimwenguni, na kwa ajili yao ilitengwa hifadhi mwaka 1976. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuhama kwa mto ni ubaya mtupu, au kwamba ingefaa kuuzuia kabisa kama tungeweza.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Kizingo huendelea kukua, na mwisho hupinda mno hata kukaribia kuwa duara. Shingo ya nchi iliyo kati ya mwanzo na mwisho wake huwa nyembamba, kwa sababu mto waila pande zote mbili. Usiku mmoja wa mafuriko maji hupita juu ya shingo hiyo na kuikata. Mto umepata njia fupi. Na kwa kuwa njia fupi ina mteremko zaidi, maji yote huishika. Midomo miwili ya kizingo cha zamani hujazwa mchanga, na kizingo hubaki peke yake, ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo. Karibu na Garsen na Ngao yako maziwa ya namna hii yajulikanayo sana, kama Shakababo, Bilisa na Kongolola. Wavuvi hupata humo kambare na perege, lakini maziwa hayo hayana chemchemi yake. Maji na samaki hutoka Tana, mto ufurikapo. Miaka ikipita bila mafuriko, ziwa hupungua. Mwishowe hujaa udongo wa mfinyanzi, likawa bonde dogo la kulima mpunga. Mfinyanzi huo ni mgumu kukatwa, na mto ukirudi tena upande huo baada ya miaka mingi huweza kuzuiwa nao kama kwa ukuta.

Gharama ya kutojali mambo haya ilionekana Hola. Mradi wa kumwagilia maji mashamba ulianzishwa huko mwaka 1953, na kazi za mwanzo zilifanywa kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Baadaye ukawa mradi wa wakulima wenye vipande vyao, na zao lao kubwa lilikuwa pamba. Maji yalivutwa kutoka Tana kwa mashine zilizosimamishwa ukingoni. Mwaka 1989 mto ukabadili njia, ukaenda mbali na mashine. Mashine zilikuwapo, mifereji ilikuwapo, na wakulima walikuwapo pamoja na madeni na watoto wao wa shule, lakini maji yalikuwa mahali pengine. Mradi ukaanguka, mashamba yakarudi kuwa vichaka, na ilipita miaka mingi kabla ya kazi ya kuufufua kufanywa. Hakuna aliyekosa mvua, wala hapakuwa na nzige. Ni mto tu uliofanya kazi yake ya siku zote.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini mashine hazikuwekwa mahali pazuri zaidi? Swali ni la haki, lakini jibu si jepesi. Mashine ikiwekwa upande wa ndani wa kizingo, penye usalama, itajazwa mchanga, maana tumeona kwamba maji ya chini huleta mchanga huko huko. Ikiwekwa upande wa nje itapata maji marefu na safi zaidi, na wahandisi wengi hupendelea upande huo, lakini ndio ukingo unaoliwa. Basi anayechagua huchagua kati ya mchanga na genge. Mahali palipo bora ni penye mkondo ulionyoka kwa urefu wa kutosha, au penye mwamba au mfinyanzi mgumu, na kama hapapatikani, ni afadhali mashine iwe juu ya chombo kieleacho au juu ya magurudumu, iweze kuufuata mto. Kujenga ukuta wa mawe ukingoni huweza kusaidia mahali pamoja, lakini mto uliozuiwa hapo haupati udongo wake, nao mara nyingi huutafuta chini kidogo, kwa mtu mwingine.

Hola si mahali pa kwanza kuachwa na mto. Mji wa Vicksburg, tuliokwisha kuutaja, ulijengwa katika kizingo cha Mto Mississippi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jemadari Grant alitaka kupitisha merikebu zake mbali na mizinga ya mji huo, akawatia watu kazini mwaka 1863 kuendeleza mfereji wa kukata shingo ya kizingo. Mto ulijaa, ukaharibu kazi, na mfereji ukaachwa. Miaka 13 baadaye, tarehe 26 Aprili 1876, mto wenyewe uliikata shingo ile bila kuombwa na mtu, na bandari ya mji ikaanza kujaa tope. Ili meli zifike tena mjini ililazimu kugeuza mto mwingine, uitwao Yazoo, upite katika njia ya zamani, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 1903.

Lakini kuna mahali ambapo mto ulikubali upesi njia uliyochimbiwa. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji, uitwao Belezoni, kuunganisha Tana na mto mdogo wa Ozi, ili mitumbwi ipate kupita. Tana ukaona njia hiyo yaufaa kuliko yake. Maji yaliupanua mfereji mwaka kwa mwaka, mpaka mto karibu wote ukahamia humo. Mlango wake wa zamani ulikuwa kusini zaidi. Kipini, uliokuwa mlango wa Ozi, ndio mlango wa Tana hata leo. Waliochimba walitaka njia ya mitumbwi, wakapata mto mzima.

Mto uhamapo huleta pia ugomvi wa mipaka. Songwe, uingiao Ziwa Nyasa, uliwekwa kuwa mpaka katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na leo ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Sehemu yake ya chini ina vizingo katika nchi tambarare, na baada ya mafuriko mkulima huweza kuamka akaona shamba lake liko ng'ambo ya mto, upande wa nchi nyingine. Serikali zote mbili zimeunda tume ya pamoja ya bonde hilo, na kuutuliza mto ni mojawapo ya madhumuni yake. Desturi ya sheria za mataifa, isipokuwa nchi zimepatana vingine, hutenganisha mambo mawili: mto ukihama polepole, mpaka huufuata, ukikata njia mpya kwa ghafula, mpaka hubaki katika njia ya zamani. Ni busara, lakini yahitaji mtu ajuaye mto ulihamaje. Marekani na Mexico ziligombania kipande kiitwacho Chamizal, kati ya El Paso na Ciudad Juárez, kwa karibu miaka 100 kwa sababu ya kutopatana juu ya jambo hilo, mpaka yakafanywa mapatano mwaka 1963 na mto ukatiwa katika mfereji wa saruji.

Nchini Kenya, kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka eneo la ukingo lisiloguswa, si chini ya meta 6 wala si zaidi ya 30. Ni jambo jema. Lakini hatua hizo huhesabiwa kutoka kwenye ukingo, na ukingo hausimami. Aliyepanda mwembe meta 30 kutoka mtoni huweza kuvuna maembe yake huku akiwa amesimama ndani ya eneo lililokatazwa, na yeye hakuondoka mahali pake.

Wako wasemao kwamba siku hizi mto umefungwa, hautahama tena, kwa kuwa huko juu yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ni kweli kwamba mabwawa hupunguza ukali wa mafuriko ya kawaida na kushika udongo mwingi. Lakini maji yatokayo bwawani bila udongo hutafuta udongo mwingine katika kingo na katika sakafu ya mto. Mto ulipoikimbia mashine ya Hola, bwawa la Masinga lilikuwa limekwisha kukaa miaka 8.

Kwa hiyo akaaye ukingoni asingoje kuambiwa. Na akate vigingi vinne vya mti mgumu, avikite kwa mstari kutoka ukingoni kuelekea bara, na apime kwa kamba kutoka kigingi cha mwisho hadi ukingo. Apime tena kila mafuriko yanapokwisha, ya masika na ya vuli. Tuseme kwamba mwanzoni palikuwa na futi 60, na baada ya miaka 3 zimebaki 42. Mto umekula futi 18, yaani futi 6 kila mwaka. Nyumba iliyo futi 90 kutoka ukingoni ina miaka 15, na mwenyewe ajua sasa kama yafaa kuiezeka kwa mabati au kujenga nyingine mbali zaidi. Tarehe ya kila kipimo na iandikwe katika daftari, na miaka ya gharika kubwa, kama ile ya 1961 au ya 1997, itiwe alama ya pekee, kwa maana katika mwaka wa namna hiyo mto huweza kula kwa mwezi mmoja zaidi ya ulivyokula katika miaka kumi ya kawaida.